Filamu gani umeirudia baada ya miaka mingi, ukakuta siyo ile uliyokuwa ukiisimulia?

Mvuvi wa Igombe aliandika:

Ndugu wanajukwaa, naomba tuzungumze kuhusu filamu mlizozitazama siku za karibuni, ziwe mpya au za kale, ila nina jambo moja ninalotaka hasa kulijua: ni ipi mliyoirudia mkakuta kumbukumbu yenu ilikuwa imewadanganya?

Nauliza kwa sababu wiki iliyopita nilikuwa nimelala na homa, na mwanangu akaniwekea kwenye kompyuta yake Darwin's Nightmare, ile filamu ya Mwaustria Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara na ndege za mizigo hapa kwetu Mwanza. Wa rika langu watakumbuka zogo la mwaka 2006, filamu ilipokuwa imeteuliwa kuwania tuzo ya Oscar na Rais Kikwete akailaumu hadharani. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokasirika, na leo nakiri kwamba nilikasirika kabla sijaona hata dakika moja yake. Nilipokuja kupata nakala iliyokuwa ikipita mkono kwa mkono, niliitazama kama mwalimu mwenye kalamu nyekundu, nikitafuta makosa tu.

Safari hii niliitazama taratibu. Inaanza na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji ya ziwa, kisha tunamwona mwongoza ndege mnarani akihangaika na mdudu, wala hakuna sauti inayotueleza tufikiri nini. Zamani niliona ni dharau kwa yule mtumishi. Sasa naona ni kazi ya mtu aliyekuwa na subira ya kukaa na watu. Yule mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, anayezungumza kwa upole mambo ya kutisha, hajanitoka kichwani hadi leo. Kasoro kubwa bado naiona palepale ilipokuwa: suala la silaha, zinazodaiwa kuletwa Afrika na ndege hizohizo za mizigo, linazungukwa tangu mwanzo hadi mwisho, na hatimaye maneno ya rubani yanabebeshwa mzigo ambao picha zenyewe hazikuubeba. Lakini ile hasira yangu niliitafuta nisiione. Nanyi je?

Binti Mwaloni alijibu:

Pole na homa, kaka yangu. Mimi filamu hiyo nimeitazama mara tatu, na hasira yangu imebaki ileile, ila imehamia mahali pengine.

Mama yangu mkubwa alikuwa akinunua mapanki, yaani yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani baada ya minofu kuchukuliwa, kichwa na mkia vikiwa vimeshikana, akiyaanika na kuyakaanga kwa ajili ya kuuza. Filamu inatuonyesha mapanki yakiwa kwenye matope, funza wakitembea, na mwanamke ambaye jicho lake limeharibiwa na hewa ya uozo. Sisemi kwamba ni uongo, kwa kuwa picha haikuchorwa. Ninachosema ni kwamba kamera haikulifuata panki hadi kwenye sahani. Mtoto aliyekulia kwetu anajua kwamba nyama iliyojificha nyuma ya shavu la sangara ni tamu kuliko mnofu wenyewe, na kwamba ndugu walikuwa wakiigombania. Mtazamaji wa Ulaya ametoka ukumbini akituonea huruma kwa kula takataka, na hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku tulikula tukashiba na kulamba vidole. Umaskini ulikuwepo, tena mwingi, lakini haukuwa ndicho kitu pekee kilichokuwa jikoni.

Mzee wa Kibanda Umiza alijibu:

Mleta mada, umenigusa, ingawa yangu si filamu ya heshima kama yako.

Tulipokuwa watoto Igogo tulikuwa tukilipa shilingi 50 kuingia kibanda umiza, tunabanana kwenye mabenchi ya mbao huku mtafsiri akiwa amekaa pembeni na kipaza sauti, anasimamisha mkanda akitaka, anatania, anamkemea anayelala. Ndivyo nilivyoitazama Commando ya Arnold Schwarzenegger, iliyotoka mwaka 1985, labda mara kumi. Mwezi uliopita nimeirudia peke yangu, sauti yake halisi, na nikagundua kwamba sikuwahi kuiona filamu hiyo hata siku moja.

Kwa miaka yote nilijua kwamba binti wa Arnold alitekwa kwa sababu baba yake alikuwa na deni. Kumbe watekaji wanataka akamuue rais wa nchi fulani ili dikteta aliyepinduliwa arudi madarakani! Halafu kuna pale anaporuka kutoka kwenye ndege inayopaa na kuangukia kwenye kinamasi, kisha anaiweka saa yake ihesabu. Filamu nzima inategemea jambo hilo, kwamba safari ya ndege ni ya muda wa saa 11 na lazima ampate mtoto kabla ndege haijatua. Mtafsiri wetu alitutangazia kwamba ndege itafika saa 11 jioni. Sisi tukawa tunaangalia jua kwenye picha na kushangaa kwa nini usiku umeingia na bado hakuna aliyechelewa.

Sasa naijua hadithi yenyewe ilivyo, na nasikitika kusema ni hadithi nyepesi mno. Ile ya deni ilikuwa na chumvi zaidi.

Mwanafunzi wa Zamani alijibu:

Nimecheka hapo kwenye saa 11 hadi jirani amegonga ukuta.

Yangu ni Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Kitabu cha Adam Shafi nilikisoma nikiwa kidato cha tano, na nilikisoma kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo nilikwenda kwenye filamu nikiwa na orodha kichwani: Yasmin huyu hapa, Denge huyu hapa, Mwajuma huyu hapa, mbona tukio fulani halimo? Nilitoka nikilalamika kwamba wamekikata kitabu na kubakiza mifupa. (Binti Mwaloni atanisamehe kwa mfano huo.)

Niliporudia mwaka huu, bila mtihani mbele yangu, niliona kwamba mwongozaji hakukusudia kunisomea kitabu. Amechukua Zanzibar ya miaka ya 1950 akaipaka rangi nzito za jioni, akaacha taarabu iseme yale ambayo Adam Shafi aliyaeleza kwa kurasa, na Yasmin anaweza kukaa kimya mbele ya dirisha nawe ukaelewa ndoa ile ya kulazimishwa ilimfanya nini. Bado nashikilia kwamba mapambano ya Denge yamepungukiwa nyama, maana asiyekisoma kitabu hatajua kwa undani ni siasa gani hasa inayomhatarisha. Vinginevyo nimeifuta lawama yangu.

Mvuvi wa Igombe alijibu:

Nawashukuru nyote. Dada yangu Binti Mwaloni, jana nimerudia kile kipande cha mapanki kwa kukusudia, nikiwa na maneno yako kichwani. Nilipotazama nyuma ya wale kina mama niliona kitu ambacho sikukiona mara zote mbili za mwanzo: samaki wamepangwa kwenye vichanja safu kwa safu, kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake na anayetarajia kuuza. Kamera imepita hapo bila kusimama. Mwanangu ameniuliza kwa nini nimerudisha nyuma sehemu hiyo mara nne, nikamwambia aende Kirumba kesho asubuhi aniletee panki moja, lisiwe la jana.