Ukuta wa mawe bila saruji kama wa Uskoti: utafaa Masasi?

Mkorosho_Masasi:
Wakuu, habari. Shamba la mikorosho lipo chini ya mlima, mawe ya matale yamejaa. Mbuzi wanaingia, na uzio wa miti mchwa wanaumaliza. Kule Uskoti kuna kuta za mawe matupu zilizosimama tangu karne ya 18. Nataka mita 60, kimo mita 1.2. Upana uwe kiasi gani? Na ukuta usio na saruji utahimili mvua za Januari?

JiweJuuYaJiwe:
Utahimili vizuri tu, maana maji hupita katikati ya mawe badala ya kujikusanya nyuma na kuusukuma. Kinachoushikilia ni uzito na namna mawe yalivyolazwa.

Kitako sm 75, juu sm 40. Chimba msingi sm 15 hadi 20, uguse ardhi ngumu. Penye mchanga mtupu shuka zaidi. Piga fremu mbili za mbao zenye umbo la ukuta, zisimamishe kwenye ncha, kisha vuta uzi pande zote mbili na uupandishe kila safu.

Huo ni kama kuta mbili zinazoegemeana. Mawe makubwa kabisa yaende chini. Urefu wa jiwe uelekee ndani ya ukuta, usifuate uzi. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanalaza upande mrefu nje ili kazi ipendeze na iishe haraka, jiwe linabaki ganda tu, ukuta unafura na kumwagika. Kila jiwe likalie mawili ya chini yake, viungo visipangane wima.

Katikati jaza mawe madogo kwa mkono, moja moja, kila safu inapokwisha. Usimwage kwa chepe, wala usitie udongo. Mvua ikiuosha, ndani kunabaki tupu na nyuso mbili zinaangukia humo. Ukifika sm 60 weka mawe marefu yanayovuka toka uso hadi uso, moja kila mita. Juu kabisa simamisha mawe mazito yaliyobanana. Uzito wao ndio unaofunga kazi yote.

Andaa tani 1.5 kwa kila mita, yaani tani 90. Kama itabidi kuyasomba kwa gari, achana na mpango huu. Yakizidi, ongeza upana: Kingswells, karibu na mji wa Aberdeen huko Uskoti, kuna ukuta wa upana unaokaribia mita 10, kwa kuwa mawe yaliyoondolewa mashambani yalihitaji pa kuwekwa.

Mpwani_Lindi:
Naongezea. Matale mengi ni ya mviringo, yanateleza. Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti, wana mawe ya namna hiyo: chini wanajenga pande mbili, juu wanapanga jiwe moja moja kubwa, mwanga unapenya. Kondoo anaona ukuta haujatulia, hathubutu kuurukia. Mbuzi ni mkweaji, mimi simwamini hata kidogo. Jenga pande mbili hadi juu, uso uwe sawa asipate pa kukanyaga, halafu pitisha seng'enge sm 20 juu ya ukuta. Nguzo zisimikwe ardhini kando, kwa sababu nguzo iliyo ndani ya ukuta ikitikisika inaubomoa.

Kwa wa pwani, jiwe la matumbawe la nchi kavu linakwaruza na kushikana vizuri, ila ni jepesi. Mawe ya juu yawe makubwa. Tafadhali msichimbe mwamba wa baharini, ndiyo nyumba ya samaki.

Mkorosho_Masasi:
Asanteni sana. Kuna mteremko na kijito cha masika. Nao vipi?

JiweJuuYaJiwe:
Anza bondeni ukipanda. Msingi ukatwe ngazi ngazi, safu zilale usawa wa pima maji. Zikifuata mteremko zitateleza zote kwa pamoja. Penye kijito acha tundu la sm 30 chini, ulivushe kwa jiwe refu zima lisilo na ufa.

Ukuta huu huwa unabomoka sehemu sehemu, na mawe yaleyale yanarudishwa. Kisiwani North Ronaldsay, kaskazini mwa Uskoti, kuna ukuta wa mwaka 1832 unaowazuia kondoo wabaki ufukweni wale mwani. Mawimbi yanauangusha, wenyeji wanausimamisha tena. Pengo likitokea, shusha mawe hadi safu imara ndipo upange upya, usizibe juu juu.

Matundu yatavuta mijusi, nyoka na nge. Fyeka mita moja kila upande, vaa glavu. Anza Juni ardhi ikikauka, umalize kabla ya msimu wa korosho.