Naomba ushauri: binti yangu ana kifaa cha usikivu, anaelewa ila maneno hayatoki

Habari zenu wapendwa. Naombeni mawazo, hasa ya wazazi wenye watoto waliopandikizwa kifaa cha usikivu na walimu wa matamshi.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Alizaliwa hasikii, akapandikizwa Muhimbili, kifaa kikawashwa mwaka jana. Anakivaa tangu anapoamka hadi anapolala. Kila asubuhi nasimama nyuma yake nampima kwa sauti za a, i, u, m, sh na s. Zote anaitika, ila s mpaka nisogee karibu. Nikisema "lete viatu" hata kama hanitazami, analeta. Ila kuongea bado: maji ni "ma", na akitaka kitu ananivuta kanga na kunyoosha kidole.

Mtaalamu alinielekeza nizime redio, nimsemeshe kila ninachofanya, kisha nimpe nafasi ya kujibu. Nafanya hivyo tukichambua mchele, na kwa kweli ananisikiliza.

Ila hapa nyumbani Tabata kila mtu ana lake. Mimi Kiswahili, bibi yake Kichaga, baba yake anataka Kiingereza kwa ajili ya chekechea. Mama mkwe anampenda mno mjukuu wake, sitaki kumnyamazisha bure.

Je, tushike Kiswahili peke yake kwanza, au lugha zaidi ya moja hazitamchelewesha? Na akinyoosha kidole, nimpe kitu hapohapo au nisubiri kwanza ajaribu kutamka? Nikisubiri sana analia.