Mrejesho: modeli yangu ya ndoa imetoa jibu

Wasee, niliuliza hapa vile ntakadiria nani anaoa nani kwa elimu na data yangu ina wanandoa tu, makapera hawamo. Nimeenda na modeli ya Choo na Siow wa 2006, wachumi walioandika kuhusu nani anaoa nani, vile mlinishauri. Faida ya ndoa yenyewe, yaani kuoana ukilinganisha na kubaki kapera, kweli haitoki bila makapera, lakini ukichukua wa digrii na wa sekondari, ukazidisha idadi za ndoa za waliofanana elimu (digrii-digrii mara sekondari-sekondari) alafu ukagawanya kwa zao la zile mbili za waliochanganyika, logi (logarithm) yake mara mbili inakuonyesha kama watu wa elimu sawa wanavutiana, na idadi ya makapera inajikata yenyewe kwa hesabu, hapo nilicheka peke yangu kwa matatu! Yangu imetoka chanya, yaani wanavutiana. Supavaiza ameridhika, saa hii anadai tu standadi era, yaani kipimo cha vile makadirio yanaweza kuyumba. Asanteni sana.