Karte roze ya gari la zamani lililobadilishwa injini

Ndugu zangu, nimehamia Lubumbashi kutoka Kolwezi na Toyota ya mwaka 1994, ambayo injini yake ya petroli iliondolewa ikawekwa ya mazuti (dizeli), na usukani ukahamishiwa kushoto. Namba ya injini hailingani tena na ile ya karte roze, yaani hati ya usajili wa gari. Nianzie wapi?

— Kaka, anza na namba ya shasi, kwa kuwa ndiyo inayolitambulisha gari. Ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usiikwaruze, wakaguzi wasije wakadhani imechongwa upya. Kisha uombe karte roze irekebishwe, ukionyesha fakitire (ankara ya ununuzi) ya injini.

— Mimi nilipoteza fakitire, nikarudishwa mara mbili, mpaka muuzaji aliponiandikia hati ya mauzo yenye namba ya injini.

— Usukani nao wataukagua, hasa viungo vilivyochomelewa.