Tupeane uzoefu: Saint-Émilion mlilala wapi?

MzeeWaBegi: Wakuu, kuna mtu katupia picha ya Saint-Émilion, ule mji wa mvinyo kule Ufaransa, mizabibu na jua la jioni, nikakumbuka miguu ilivyoniuma. Ndugu zangu wanaenda Septemba. Walale mjini kwenyewe, Libourne, au Bordeaux?

BintiPwani: Libourne. Ni jirani kwa treni, na TGV, treni ya kasi ya Paris, inasimama hapohapo. Mjini unalipia mawe ya kale tu.

KakaLyon: Uende Saint-Émilion ukalale Libourne? Raha ya mji ule ni jioni, mabasi ya watalii yakishaondoka. Unakaa kimya mbele ya mnara wa kanisa, na chini yake kanisa zima limechongwa ndani ya mwamba.

BintiPwani: Kaka, wewe una magoti ya miaka 25.

DadaMapishi: Ngojeni niwape yangu. Nilishuka stesheni giza limeshaingia. Stesheni yenyewe jukwaa tu, kushoto mizabibu, kulia mizabibu. Mhudumu hakuna, teksi hakuna. Hadi mjini ni mwendo wa dakika ishirini hivi, kwa mtu mwenye mikono mitupu. Mimi na begi langu, ndani vitenge na dagaa niliowanunua Château Rouge pale Paris. Lami haikunisumbua. Balaa ni vile vichochoro vya mteremko, wenyewe wanaviita tertre: mawe yamesuguliwa na nyayo mpaka yanateleza kama yamepakwa sabuni. Gurudumu likang'oka. Nikajitwika begi kichwani, nani ananijua? Nafika, mlango umefungwa. Funguo zimo kwenye kisanduku cha namba ya siri, namba imetumwa kwenye simu, simu imezima. Nikakaa ngazini nalia. Akapita babu mmoja na mbwa. Mbwa akanusa begi, akagoma kuondoka. Babu akavuta kamba wee, mwisho akaniuliza kulikoni. Simu nilichajia jikoni kwake.

Mtoro: 😂😂 Pole dada. Dagaa wa Kigoma hao.

Sangara1: Wa Kigoma wananuka lini? Hao wa Mwanza.

Mtoro: Umekiri mwenyewe kwamba wa Mwanza wananuka.

MzeeWaBegi: Jamani, nimeuliza malazi!

KakaLyon: Ulizeni mapokezi wanafunga saa ngapi, namba ya mlango muiandike kwenye karatasi. Begi la mgongoni, basi.

BintiPwani: Au Libourne.

Ustadh_Safari: Mimi sinywi, na nililala juu kabisa ya mji siku mbili. Kuna biskuti za lozi, wanaziita macaron, masista waliziokea hapo tangu 1620. Ila chumba kilikuwa kama kabati.

Sangara1: Waende Beaune, mji mwingine wa mvinyo, kule Burgundy. Kutoka stesheni unatembea tambarare hadi ukuta wa mji wa kale. Wasiende tu wikendi ya Jumapili ya tatu ya Novemba, ndiyo mnada wa mvinyo wa Hospices, ile hospitali ya kale ya hapo, chumba hupati hata kwa dua.

Ustadh_Safari: Dua usiiingize hapo.

DadaMapishi: Babu nilimwachia dagaa nusu. Mbwa ndiye aliyeshukuru.