Re: Rota ya kea homu na ile pauni 25,000

Mwanaidi, Leicester:

Wapendwa, salaam. Kea homu moja (nyumba ya kutunzia wazee) hapa Uingereza inataka kumdhamini kwa viza ya kazi mdogo wangu, ambaye yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi, anasoma digrii. Malipo pauni 12.82 kwa saa, shifti ndefu 3 kwa wiki, na meneja anasema ile pauni 25,000 kwa mwaka inayotakiwa kwa viza inafika. Inafika kweli? Na binti wa shangazi aliyeko Mombasa, anaweza kuomba hapo hapo?

Juma, Reading:

Dada Mwanaidi, wa Mombasa jibu lake ni fupi: hawezi. Udhamini wa wahudumu wa kea kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayechukua hela leo kwa ahadi hiyo anauza hewa.

Tuje kwenye rota, yaani ratiba ya shifti, maana hapo ndipo wengi huumia. Shifti ndefu ni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa moja na nusu usiku, yaani saa 12. Sehemu nyingi saa 1 ya mapumziko hailipwi, zinabaki 11. Mara 3 ni saa 33 kwa wiki. Zidisha kwa wiki 52 na kwa 12.82: pauni 21,999. Pungufu ya pauni 3,000!

Masharti yaliyoanza 9 Aprili 2025 yanataka vyote viwili, 12.82 kwa saa na 25,000 kwa mwaka, kwa hiyo kiwango cha saa kuwa sawa hakikuokoi. Kwa 12.82 zinahitajika kama saa 37.5 za kulipwa kila wiki. Rota ya shifti 3 wiki hii na 4 wiki ijayo inaleta wastani wa saa 38.5, sawa na pauni 25,665. Hiyo ndiyo aidai, kwa maandishi.

Meneja atasema ovataimu na nyongeza ya wikiendi zitaziba pengo. Haziingii kwenye hesabu. Kinachoangaliwa ni mshahara wa msingi uliohakikishwa.

Bi Zuhura, Leeds:

Juma kamaliza hesabu, mimi naongeza ya uanafunzi. Anayehamia kwenye udhamini wa kea akiwa hapa hapa lazima awe amemfanyia kazi mwajiri huyo huyo, kihalali, angalau miezi 3 kabla ya kupewa cheti cha udhamini, yaani hati ya mwajiri ya kuombea viza. Nafasi hii imewekwa mpaka 22 Julai 2028. Karatasi za mshahara za miezi hiyo azitunze zote.

Mtego uko hapa: masomo yakiendelea, mwanafunzi wa digrii ana saa 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Shifti mbili za saa 11 ni 22, keshavunja masharti. Aombe moja ndefu na moja fupi ya saa 6. "Wiki ijayo utafanya chache" haisaidii, hakuna wastani. Na kazi ya udhamini haiwezi kuanza kabla hajamaliza kozi.

Cheti cha udhamini ni pauni 525 na analipa mwajiri. Akiambiwa ada hiyo itakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, mambo mawili yameharibika: hairuhusiwi, na makato hayo yanapunguza mshahara unaohesabiwa kwa viza.

Juma:

Kweli kabisa Bi Zuhura. Pia atazame jina la kampuni kwenye orodha ya wadhamini ya serikali. Daraja liwe A. Kampuni yenye B haiwezi kumdhamini mtu mpya.

Waajiri siku hizi hawababaiki kama zamani. Hesabu za Skills for Care, shirika linalofuatilia wafanyakazi wa kea, kwa England zilionyesha nafasi wazi kama 164,000 mwaka 2021/22, na zikashuka hadi kama 111,000 mwaka 2024/25. Kazi zipo, ila wanachagua.

Rashid, Luton:

Akipewa kea ya majumbani badala ya homu, aulize gari. Leseni ya Kenya au Tanzania inatumika miezi 12 tu tangu kuhamia, na haibadilishwi, ni kufanya mtihani upya. Bila gari, ziara za nusu saa za mtaa wa mbali hazimfikii na saa za mkataba hazitimii.

Mwanaidi:

Ahsanteni. Mkataba ninao hapa: "saa kulingana na mahitaji ya huduma".

Bi Zuhura:

Asisaini. Waandike "saa 38.5 za msingi kwa wiki, zilizohakikishwa".