Korosho ikiyumba, hela ikae benki au irudi kwenye sanduku?

MwanaTandahimba: Wakuu, nauliza kwa dhati. Tangu msimu wa 2018/19, ule wa serikali kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na wanajeshi kubeba mzigo maghalani, kijijini kwetu hakuna anayeacha hela benki. Malipo ya korosho yakiingia asubuhi, jioni akaunti nyeupe. Tunajilinda au tunajimaliza wenyewe?

Kaskazi77: Benki mtaweka nini? Juzi tu hapo 2017 korosho ilipogonga 4,000 mlinywesha mbuzi bia. Leo mnalia.

BintiNewala: Wewe wa mbuzi, ulimwona kwa macho yako? Mwaka huo baba yangu alinunua mabati 60, akayapanga chumbani tunakolala, ukijigeuza usiku unagusa ukingo wa bati. 2019 malipo yalipochelewa tukauza moja moja: ada ya mdogo wangu, unga, dawa za bibi. Hiyo ndiyo akiba yetu. Taja kijiji cha huyo mbuzi.

Kaskazi77: Sikumtaja baba yako, dada. Nimesema watu.

BintiNewala: Watu gani? Kijiji.

FundiMasasi: Bati halizai, linashika kutu. Ila benki nami naiogopa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano siku moja. Ikifungwa unarudishiwa milioni moja na nusu, basi.

Mikindani_kwetu: Hicho ni kiwango cha zamani, fundi. Bima ya amana sasa inafika 7,500,000. Na zile tano zilikuwa ndogo, mtaji umepungua: Njombe, Meru, Kagera... ya kwetu haikuwemo. Tuseme ukweli: 2019 hela haikuwa imefika benki. Mkulima alisubiri uhakiki na malipo ya serikali, lakini foleni aliipanga benki, basi hasira akaiacha palepale.

FundiMasasi: Unaongea kama mtu wa kaunta. Tetea ugali wako.

Mikindani_kwetu: Mimi ni mvuvi, kaka. Nimesoma tu.

MamaKikobaLindi: Wanangu, sisi kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa mitaa tofauti. Mwaka ule mbaya hisa tuliishusha kutoka 5,000 hadi 1,000, hakuna aliyetoka. Mwenzetu alipofiwa, mfuko wa jamii ulinunua sanda na mchele siku hiyohiyo. Benki ingekuja msibani?

Nachi_boy: Mama, shikamoo. Kikoba cha mama yangu mtunza daftari aliondoka usiku na hela ya kugawana mwisho wa mwaka. Kufuli zote zilikuwa nzima. Mama hajaweka popote tena, anafunga kwenye pindo la khanga.

MamaKikobaLindi: Marahaba. Pole yake sana. Sisi hela inahesabiwa mbele ya wote, kila mmoja anakariri kiasi kabla sanduku halijafungwa. Mwambie aje tuongee.

Kaskazi77: Habari ya mbuzi nilisimuliwa na dereva wa lori la korosho.

BintiNewala: Kumbe ulisimuliwa. Miaka yote hiyo unatutukana kwa maneno ya dereva.

MwanaTandahimba: Dada, mabati mangapi yalibaki?

BintiNewala: Kumi na moja. Tumeezeka jiko la bibi.